Tarakimu za Kirumi katika Kiswahili: Huandikwaje, na Husomwaje?

Miongoni mwa maswali yanayoletwa mara kwa mara mbele ya watu wa istilahi, lipo moja linaloonekana dogo: tarakimu za Kirumi ziandikwe vipi katika Kiswahili? Aulizaye aghalabu ni mwalimu, mpiga chapa au mtafsiri, naye hutaka kujua iwapo 49 ni XLIX au IL, na kama nne ni IV au IIII. Majibu ya maswali hayo yapo, na makala haya yatayagusa. Hata hivyo, kusudi letu ni kuonyesha kwamba tatizo kubwa zaidi limo katika kinywa kisomacho kuliko katika mkono uandikao. Tarakimu ya Kirumi haina sauti yake yenyewe. Katika Kiswahili hupewa sauti na a-unganifu inayoitangulia, yaani ile *la, cha, ya, wa* na nyinginezo. Na pale a-unganifu inapoachwa, msomaji hukwama, au hukimbilia Kiingereza.

Atakaye ushahidi hana haja ya kwenda mbali. Na apande basi la mwendokasi Kariakoo ashuke Magomeni Mapipa. Atakuwa amesafiri katika mradi ambao awamu yake ya kwanza ilianza kutoa huduma mwaka 2016 katika Barabara ya Morogoro, na ambayo huandikwa pengine "Awamu ya Kwanza", pengine "Awamu ya I". Akimwuliza mtoto apitaye na daftari lake yuko darasa la ngapi, ataambiwa "la saba", ingawa juu ya jalada la daftari pameandikwa "Darasa la VII". Mtoto hasiti hata kidogo. Lakini mpe mtoto huyohuyo gazeti lenye habari za kituo cha umeme cha "Kinyerezi II", naye atasoma "Kinyerezi tuu". Alama ni za namna moja na msomaji ni yuleyule. Kilichobadilika ni nini?

Jina la tarakimu hizi

Kabla ya kulijibu swali hilo, yafaa tukubaliane juu ya jina. Vitabu vya hisabati vya shule za msingi huziita "namba za Kirumi". Wengine husema "nambari za Kirumi". Wengine, nasi tukiwamo, "tarakimu za Kirumi". Majina haya hayalingani kwa maana. Namba ni kile kinachohesabiwa akilini. Tarakimu ni alama inayokiandika. Saba ni namba moja tu, iwe imeandikwa na Mrumi, na Mwarabu au na karani wa soko la Kariakoo. Lakini 7, VII na ٧ ni tarakimu tatu mbalimbali za namba hiyo moja. Warumi hawakuwa na saba yao iliyo tofauti na saba yetu. Walikuwa na alama yao. Kwa hiyo jina lililo sahihi ni "tarakimu za Kirumi", na "namba" ibaki kwa kazi yake.

Kutoka hapo huzuka swali la pili: zile tunazotumia kila siku, 0 hadi 9, ziitweje? Vitabu vingi, kwa kufuata desturi ya Ulaya, huziita "tarakimu za Kiarabu", kwa kuwa Ulaya ilizipokea kutoka kwa Waarabu, nao walizipata kutoka Bara Hindi. Jina hilo huenda likawafaa watu wa Ulaya. Kwa mtu wa pwani yetu linapotosha. Magomeni, kama Unguja na Mombasa, wapo maelfu ya watu waliosoma chuoni na kuzijua tarakimu zinazoandika aya za msahafu, ٠ ١ ٢ ٣. Na kalenda nyingi zinazotundikwa majumbani huonyesha tarehe za Hijria kwa tarakimu hizo hizo. Ukimwambia mtu huyo aandike tano kwa tarakimu za Kiarabu, ataandika ٥, wala hatakuwa amekosea. Twapendekeza basi 1, 2, 3 ziitwe "tarakimu za kawaida", na jina "tarakimu za Kiarabu" liachiwe zile ambazo Waswahili wenyewe wamekuwa wakiziita hivyo.

Ikumbukwe pia kwamba wazo la herufi kufanya kazi ya tarakimu halikuja kwetu na Warumi. Waliosoma elimu ya nyota na hesabu za kale kwa maandishi ya Kiarabu waliijua abjadi, ambamo alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, na kuendelea hadi ghaini iliyo 1000. Kwa hiyo anayemfundisha Mswahili kwamba X ni kumi hamfundishi jambo la ajabu. Ugumu, kama tutakavyoona, uko kwingine.

Jinsi zinavyoandikwa

Herufi zinazotumika ni saba: I ni 1, V ni 5, X ni 10, L ni 50, C ni 100, D ni 500, na M ni 1000. Sifuri hamna. Herufi ndogo ya thamani ikifuata kubwa, hujumlishwa: VI ni 6, LX ni 60. Ikitangulia kubwa, hutolewa: IV ni 4, XC ni 90. I, X, C na M huweza kurudiwa hadi mara tatu. V, L na D hazirudiwi kamwe.

Kosa lililoenea kupita mengine ni la kutoa kupita kiasi. I hutolewa kwa V na X tu. X hutolewa kwa L na C tu. C hutolewa kwa D na M tu. Ndiyo maana 49 haiwezi kuwa IL, bali ni XLIX, yaani arobaini kisha tisa. Na 99 si IC, bali ni XCIX. Mwenye kufuata njia ya kuandika maelfu kwanza, kisha mamia, kisha makumi, kisha mamoja, hatakosea: 1964 ni M, CM, LX, IV, ndiyo MCMLXIV, na 1967 ni MCMLXVII.

Kuhusu IIII, jibu lataka uangalifu. Warumi wenyewe hawakuwa na ukali tulio nao sisi. Katika malango ya Colosseum mjini Roma, lango la 44 lina tarakimu XLIIII, na hadi leo saa nyingi za ukutani na za mkononi huandika nne kwa IIII. Kwa hiyo mwalimu asiseme kwamba IIII haijapata kuwapo. Aseme kwamba katika maandishi ya sasa hutumika IV, na kwamba uso wa saa una desturi yake.

Jambo moja zaidi linatuhusu sisi hasa. Alfabeti ya Kiswahili sanifu haina X, na C haisimami peke yake ila huandamana na H. Mwanafunzi wa Kiswahili basi hukutana na X kwa mara ya kwanza mahali pawili: katika tarakimu za Kirumi, na katika wino mwekundu wa mwalimu, ambako maana yake ni kosa. Hilo si hoja ya kuikataa X. Ni ukumbusho tu kwamba alama hizi kwa Mswahili hazina undugu na maneno ya lugha yake. Mfaransa akiona C hukumbuka *cent*, na akiona M hukumbuka *mille*. Mswahili hana cha kukumbuka. Kwake C ni nusu ya *ch*, na M ni herufi ya *mtu* na *mti*.

Zilivyoingia kwetu

Watu hudhani kwamba tarakimu za Kirumi zililetwa na shule. Shule ilizieneza, lakini kwa watu wengi wa pwani zilifika kwanza mkononi, katika fedha. Rupia ya fedha ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuwa na maandishi ya Kilatini GUILELMUS II IMPERATOR, yaani Kaisari Wilhelm wa Pili. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, na kambi ya wapagazi wa jeshi lao ikatupatia jina la Kariakoo, fedha nazo zikabadilika. Na shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1921 ikaandikwa GEORGIVS V, yaani George wa Tano.

Yaliyofuata yanastahili kuangaliwa na kila mwenye kazi ya lugha. Katika shilingi zilizopigwa tangu 1948 hadi 1952, jina la mfalme aliyefuata liliandikwa GEORGIVS SEXTVS, kwa neno kamili la Kilatini lenye maana ya "wa Sita", pasipo tarakimu. Na katika sarafu za senti za miaka ya 1954 hadi 1963, Malkia Elizabeth wa Pili aliandikwa kwa Kiingereza na cheo chake cha "wa Pili" kikaandikwa kwa maneno. Hatusemi kwamba waliopiga fedha hizo walikuwa wakiwafikiria wasomaji wa Kariakoo. Twasema tu kwamba hata wenye desturi hii waliona hapana ubaya kuliandika neno pale penye nafasi ya neno.

Shuleni tarakimu hizi zilikaa katika madarasa. Hapo zimestawi hata leo: Darasa la I hadi la VII, Kidato cha I hadi cha VI. Na hapo ndipo tutakapolipata jibu la swali tuliloliacha.

Kwa nini "la VII" husomeka na "Kinyerezi II" haisomeki

Kiswahili hutofautisha idadi na mpango kwa njia iliyo wazi sana. *Siku tatu* ni idadi. *Siku ya tatu* ni mpango. *Vitabu vinne* ni idadi. *Kitabu cha nne* ni mpango. Kinachofanya kazi hiyo ni a-unganifu. Isipokuwa *kwanza* na *pili*, hatuna maneno maalumu ya mpango; namba ni ileile, nayo a-unganifu huipa kazi mpya. Hata *kwanza* na *pili* haziendi mbali: husemwa *karne ya kumi na moja*, wala si "ya kumi na kwanza", *sura ya kumi na mbili*, wala si "ya kumi na pili".

Msomaji aonapo "Darasa la VII", kile kijineno *la* kimekwisha kumwambia mambo mawili kabla jicho halijafika kwenye V: kwamba kinachokuja ni mpango, na kwamba kitasomwa kwa Kiswahili. Tarakimu yenyewe ni kama kibao kisicho na maandishi. *La* ndiyo iliyoandika juu yake "saba". Ndivyo ilivyo pia kwa "Kidato cha IV" na "Awamu ya VI".

Iondoe a-unganifu, na kibao hubaki kitupu. "Kinyerezi II" haina kinachomwambia msomaji aseme *ya pili*, au *cha pili*, au *mbili*. Hapo huchukua sauti aliyoisikia kwa wahandisi, nayo ni ya Kiingereza. Mambo huwa mabaya zaidi kwa kuwa sauti hiyo ya kigeni inafanana na neno letu *tu*, lenye maana ya "peke yake". Msikilizaji wa redio huambiwa kwamba umeme utatoka "Kinyerezi tu", naye ana haki ya kuuliza kama vituo vingine vimefungwa.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa MKUKUTA. Jina hili lilifinyangwa kwa Kiswahili kitupu kutokana na Mkakati wa Kukuza Uchumi na Kupunguza Umaskini Tanzania, nalo likaenea mpaka vijijini. Mkakati wa kwanza ulianza mwaka 2005. Wa pili ukafuata mwaka 2010, ukaandikwa "MKUKUTA II". Watu wakasema "Mkukuta tuu". Kazi yote ya kuunda jina linalotamkika na mwananchi ikavunjwa na alama mbili mwishoni. Tofauti na hapo, Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, wa 1969 hadi 1974, uliitwa hivyo hivyo, kwa neno, na hakuna aliyeshindwa kuutaja.

Na iko meli ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, iliyofika mwaka 2015 na kurithi jina la meli ya zamani: MV Mapinduzi II. Anayeogopa Kiingereza akasoma "Mapinduzi ya Pili" atakuwa amesema neno zito ambalo hakulikusudia, kwani Mapinduzi ya Januari 1964 ni tukio, na "ya pili" yangekuwa tukio jingine. Akisoma "Mapinduzi mbili" amevunja sarufi. Akisoma kwa Kiingereza amerudi kwenye *tu*. Tatizo halimo katika jina la meli. Limo katika kuiacha tarakimu isimame bila ya nguzo.

Uso wa saa huthibitisha jambo hilo kwa njia nyingine. Mshale mfupi ukiwa kwenye VII, Mswahili husema "saa moja", na hakuna aonaye mgongano wowote. Sababu ni kwamba haisomi ile VII. Anasoma mahali ulipo mshale, na alama kwake ni pambo. Tarakimu ya Kirumi hukubali kusomwa kwa namna yoyote ambayo desturi imeiwekea. Ikikosa desturi na ikakosa a-unganifu, haisomwi.

Jina lililofichwa

Wapo watakaosema kwamba msomaji mwerevu ataitia a-unganifu mwenyewe. Mara nyingine hufanya hivyo, na hapo hutokea kosa la aina nyingine. Katika Agano la Kale mna vitabu viwili vya Wafalme, na katika Agano Jipya nyaraka mbili kwa Wakorintho, ambazo katika marejeo huandikwa kwa tarakimu ikitangulia jina: "I Wafalme", "II Wakorintho", au kwa 1 na 2. Msomaji hutafuta jina la kulipatanisha, akaliona moja tu lililo mbele yake, akasoma "Wafalme wa Kwanza", "Wakorintho wa Pili". Sasa hao ni watu, si maandiko. Ni kana kwamba Korintho ilipata wakazi mara mbili. Kilichokusudiwa ni *kitabu* cha kwanza na *waraka* wa pili, lakini jina hilo limefichwa, na upatanisho umeangukia jina lisilohusika.

Hiyo ndiyo siri ya mifano yote tuliyoitaja. Nyuma ya kila tarakimu ya Kirumi isiyosomeka kuna jina lililofichwa. "Kinyerezi II" ni *kituo* cha pili cha Kinyerezi. "MKUKUTA II" ni MKUKUTA *awamu* ya pili. "MV Mapinduzi II" ni *meli* ya pili iitwayo Mapinduzi. Lifichue jina, na a-unganifu hujipatia mahali pake yenyewe.

Majina ya wafalme na mapapa hayana shida hiyo, kwa sababu jina linalopatanishwa ni la mtu mwenyewe na halikufichwa. "Papa Yohane Paulo II", aliyeizuru nchi yetu mwezi wa Septemba 1990, husomwa "wa Pili" na kila mtu. Kadhalika "Malkia Elizabeth II", aliyekuja Julai 1979. Hapa desturi imekwisha kuiweka *wa* katika vinywa vya watu, hata kama haikuandikwa. Lakini hata penye jina lililo wazi yafaa a-unganifu iandikwe pale ambapo watu wanatofautiana: wengine husema "Vita Kuu ya I ya Dunia", wengine "Vita vya I vya Dunia". Aandikaye "Vita Kuu I" anamwachia msomaji ugomvi ambao alipaswa kuuamua yeye.

II na 11

Liko jambo moja la macho. Katika mwandiko wa mkono, na katika chapa nyingi zisizo na vikato, II na 11 hazitofautiani. Mashine za zamani za kupigia chapa zilizidisha tabu hiyo, kwani nyingi hazikuwa na kitufe cha moja, na mpiga chapa alitumia herufi *l* ndogo. Kwa madarasa hapana hatari, maana shule ya msingi haikuwa na darasa la kumi na moja. Mahali pengine hatari ipo. Anayeandika mwezi kwa tarakimu za Kirumi, "4.II.1977", atasomwa na watu wengi kuwa ameandika tarehe 4 Novemba.

Tuwafikirie wale waliojifunza kusoma wakiwa watu wazima. Katika kampeni ya kufuta ujinga, mtihani wa taifa wa mwaka 1975 uliwapanga wanakisomo katika ngazi nne, I hadi IV, na waliofikia ya tatu na ya nne ndio waliohesabiwa kuwa wamejua kusoma na kuandika. Mwanakisomo alikuwa amefundishwa kwamba I ni irabu, na kwamba V ni konsonanti ya *vitu* na *viti*. Kisha akapewa cheti kinachotaja ngazi yake kwa herufi hizo hizo. Neno *ya tatu* angelisoma, kwani ndilo alilojifunza kusoma.

Jambo hili limepata uzito mpya. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi na ya mahakama zake. Kazi ya kuzifasiri sheria ni kubwa, na katika matoleo ya Kiingereza sehemu za sheria huhesabiwa kwa tarakimu za Kirumi, ilhali vifungu huhesabiwa kwa tarakimu za kawaida. Mtafsiri akihamisha alama kama zilivyo, ukurasa mmoja utakuwa na "Sehemu ya II" na "Kifungu cha 11". Mwananchi mwenye shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Magomeni, anayenakili kwa kalamu yake kile alichoambiwa akisome, anaweza kutoka na kimoja akidhani amechukua kingine. Sheria si mahali pa kumwachia msomaji abahatishe.

Kwa bahati njema, mfano mwema tunao, na ni wa juu kabisa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika toleo la Kiswahili, imegawanywa katika "Sura ya Kwanza", "Sura ya Pili" na kuendelea, na ndani yake "Sehemu ya Kwanza", "Sehemu ya Pili". Kisha ibara zikahesabiwa kwa tarakimu za kawaida. Toleo la Kiingereza huandika sehemu hizo kwa tarakimu za Kirumi. Walioandika Kiswahili hawakuzifuata. Waliandika kile kitakachosomwa, na ngazi tatu za mgawanyo zikabaki mbalimbali bila kutatizana.

Hoja za upande wa pili

Hoja ya kwanza ni kwamba tarakimu za Kirumi hutenga mpango na idadi, kama katika "Darasa la VII lina wanafunzi 92". Ni kweli hutenga. Lakini a-unganifu imekwisha kutenga. "Darasa la 7 lina wanafunzi 92" haina utata wowote. Lugha ambazo hazina a-unganifu zina haja ya msaada huo kuliko sisi.

Hoja ya pili ni kwamba "Kinyerezi II" na mfano wake ni majina rasmi ya miradi, yanayojulikana kwa wafadhili na wahandisi wa nje, wala hayabadilishwi. Na yabaki hivyo katika hati zao. Lakini mtangazaji wa redio hawezi kuwaonyesha wasikilizaji alama, lazima aitamke. Jina lisilotamkika kwa Kiswahili halijawa bado jina la Kiswahili.

Hoja ya tatu ni ya nafasi: "VIII" ni fupi kuliko "ya Nane". Kwa hakika VIII ina herufi nne, na *Nane* nne vilevile. Na 8 ni fupi kuliko zote mbili.

Mapendekezo

Kutokana na hayo yote, tunatoa mapendekezo yafuatayo ili yajadiliwe:

(a) Alama hizi ziitwe *tarakimu za Kirumi*. Zile za 0 hadi 9 ziitwe *tarakimu za kawaida*.

(b) Ziandikwe kwa kanuni ya sasa: IV, IX, XL, XC, CD, CM. Umbo la IIII liachiwe uso wa saa.

(c) Palipo na a-unganifu na desturi imekwisha kukita, kama *Darasa la VII* na *Kidato cha IV*, ziendelee kutumika. Kubadili kwa ajili ya kubadili hakuna faida.

(d) Tarakimu ya Kirumi isiandikwe bila a-unganifu, ila katika majina ya wafalme na mapapa. Penye jina lililofichwa, jina hilo lifichuliwe: *kituo cha pili cha Kinyerezi*, *Waraka wa Pili kwa Wakorintho*.

(e) Katika sheria, katiba za vyama, mikataba na maandishi ya kisomo, mpango wa kwanza hadi wa kumi uandikwe kwa maneno. Unaozidi hapo uandikwe kwa tarakimu za kawaida zikitanguliwa na a-unganifu, kama *karne ya 20*.

(f) Tarakimu ndogo za orodha, (i), (ii), (iii), ambazo wanafunzi wetu huzisoma kwa Kiingereza, zisomwe *kipengele cha kwanza, cha pili, cha tatu*. Walimu ndio watakaoanza.

(g) Mwezi usiandikwe kwa tarakimu za Kirumi.

Hakuna kati ya haya linalohitaji gharama. Linalohitajika ni kwamba kila aandikaye kwa ajili ya umma aisome kwa sauti sentensi yake kabla ya kuipeleka kwa mpiga chapa, na pale ulimi utakaposita, aongeze neno. Wasomaji walio na mifano mingine, hasa kutoka shuleni, mahakamani na katika vyumba vya habari, wanaombwa kutuletea, ili mapendekezo haya yapimwe kabla hayajapewa usanifu.